Mpango wa katikati ya mji ukifika mezani, anza na maji

Wiki iliyopita diwani mmoja kijana aliniandikia. Mji wake sitautaja. Ameingia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, kapewa kabrasha la mpango wa kitovu cha biashara katikati ya mji, zito kama tofali, na kikao kiko mlangoni. "Shikamoo mama," ameandika, "wataalamu wanasema tusijisumbue na athari za mazingira sasa hivi, kila jengo litafanyiwa tathmini yake likifika wakati wa kujengwa. Nipitishe?"

Nilimjibu kwa kifupi: usipitishe bila masharti. Hapa namjibu kwa kirefu, maana najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mnautaka udiwani au tayari mnao, wengine ni maofisa mipango miji mnaopanda ngazi. Kabrasha la namna hiyo litawafikia tu.

Hiyo kauli ya "kila jengo litafanyiwa tathmini yake" naijua vizuri, nimeisikia nikiwa diwani wa viti maalumu. Inapita kirahisi kwa sababu ni ya kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kwa mazingira kabla hajaanza kujenga. Basi mwenye ghorofa kumi ataleta karatasi zake na zitakuwa safi: shimo lake la majitaka, jenereta lake, gari lake la taka. Wa pili naye hivyo hivyo. Ukifika wa thelathini, kila mmoja ana cheti ukutani na mtaa mzima unanuka. Ukimtafuta mwenye kosa humpati. Ile jumla haikuandikwa kwenye karatasi ya mtu yeyote, kwa sababu pa kuiandikia palikuwa kwenye mpango wenyewe, na mpango ulishapita zamani, watu wakanywa soda wakaondoka.

Sheria hiyo hiyo ina sehemu ya tathmini ya mazingira ya kimkakati, inayofanyiwa sera, mikakati na mipango, na kanuni zake zilitoka mwaka 2008. Swali la kwanza kwenye kamati liwe hilo: tathmini ya kimkakati ya mpango huu iko wapi, na ukurasa gani unasema maji, majitaka na taka za majengo yote kwa pamoja yataenda wapi? Wakikuonesha aya mbili za "athari zitadhibitiwa", hujaoneshwa kitu.

Anayedhani nakuza mambo aende Kariakoo. Mimi Kariakoo ndiyo chuo changu, nilikuwa nafunga mzigo wa vyombo pale kabla siasa hazijanipata. Wazee wanaoikumbuka ya zamani watakwambia: nyumba za chini za vyumba sita, korido katikati, ua nyuma. Mvua ikinyesha ua unakunywa. Leo viwanja ni vile vile, vidogo, ila juu yake yamesimama maghorofa ukuta kwa ukuta, na ua umegeuka stoo. Watu wameongezeka, maboksi yameongezeka, kirikuu na maguta yanagombania njia ile ile, na tangu mwaka 2025 soko linahimizwa lifanye kazi saa 24. Biashara nzuri, sikatai, mimi mwenyewe imenilea. Lakini pita nyuma ya maduka asubuhi baada ya mvua, uone chemba zinavyotema.

Na ajabu ni kwamba mfano wa kujenga vizuri uko hapo hapo. Soko Kuu la Kariakoo, lile la miaka ya 1970 alilolisanifu Beda Amuli, paa lake ni kama safu ya faneli kubwa za zege zinazokusanya maji ya mvua na kuyateremsha kwenye tangi chini ya ardhi. Msanifu Mtanzania aliwaza maji ya mvua kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Tukajenga mamia ya majengo kulizunguka na hatukumuiga.

Chini yake kidogo tu ni Jangwani. Maji ya Jangwani yanatoka mbali, Mto Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu, kwa hiyo Kariakoo siitwishi mzigo wote. Ila kila paa na kila lami kwenye bonde lile inaongeza chake. Karakana ya mabasi ya mwendokasi iliwekwa pale pale bondeni, huduma ikaanza mwaka 2016, na mafuriko yakaifuata humo humo ndani. Sasa kuna mradi mzima wa Bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, daraja jipya, watu kulipwa fidia wahame. Hiyo ndiyo bei ya kuuliza swali la maji mwishoni.

Sasa nije kwangu.

Mji wetu ulitaka kuhamisha stendi ya zamani, na pale pajengwe kitovu cha biashara: maduka, hoteli, benki, maegesho ya chini ya ardhi, hekta sita kwa jumla. Michoro ilikuja imepakwa rangi, miti mizuri, wazungu wawili wamekaa kwenye benchi. Mwisho wa eneo lile, upande wa chini, kuna kijito. Kiangazi unakiruka bila kupandisha gauni. Masika kinabeba mbuzi. Kwenye mchoro kilikuwa utepe wa kijani ulioandikwa "eneo la mapumziko".

Nilikuwa na rula ya mwanangu kwenye mkoba. Kipimo cha ramani kilikuwa moja kwa 2,500. Kila Mtanzania anaijua habari ya mita 60 kutoka kingo za mto, imo kwenye sheria ile ile ya 2004, na mita 60 kwa kipimo kile ni sentimita 2.4. Nikaweka rula. Ule utepe haukufika hata sentimita moja. Nikarudia upande wa pili wa kijito, vile vile. Nikaomba nafasi, "Mheshimiwa Mwenyekiti", nikasema nilichokiona. Mwenyekiti wetu akacheka, akasema rula waachiwe watoto wa shule, mambo ya ramani yana wataalamu. Wakacheka wote. Diwani wa viti maalumu akishika rula ni kichekesho. Akishika kipaza sauti kusifia mwekezaji, ni mama shupavu.

Sikukaa chini. Niliuliza hesabu ya mvua, na hii hesabu naomba muishike maana haihitaji digrii. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu masika ni alasiri moja ya kawaida, inamwaga lita 500,000 kwenye hekta moja. Hayo ni maboza 50 ya lita elfu kumi kumi. Hekta sita ni maboza 300. Nikauliza: haya maboza 300, yakifika pale stendi jioni moja, mnayaelekeza wapi? Mhandisi, kijana mstaarabu kweli, akasema si yote yatatiririka, mengine yatazama ardhini. Nikamwambia, ardhi ipi baba? Mmeimwagia zege na pevingi kona mpaka kona. Akainama akaandika. Wale waliocheka hawakucheka tena.

Na huo mtaro uliochorwa kupokea maji, nikauliza, ni wa nani? Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kinawaponza madiwani wengi. Mitaro ya barabara iko kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Majitaka ni ya mamlaka ya maji. Taka ngumu ni zetu halmashauri. Kijito kina bodi yake ya bonde. Mpango ni mmoja, wenye kuubeba ni wanne, na kwenye kile chumba alikuwepo mmoja. Kila kitu kigumu kilikuwa kinahusu asiyekuwepo.

Mambo ya vikao vilivyofuata nayaruka, yanachosha. Mwisho mpango ulipita, na mimi nilipiga kura ya ndiyo. Narudia, ya ndiyo, maana hadi leo kuna watu mjini wananiita mpinga maendeleo. Mji kupanda juu katikati ni afadhali kuliko kutambaa nje na kula mashamba ya watu. Duka, benki na hospitali vikiwa jirani, mtu anatembea kwa miguu. Ushuru nao tunauhitaji. Kilichonitofautisha ni kwamba nilidai masharti yaandikwe: utepe wa kijito urudi kwenye mita 60, lichimbwe bwawa la kupokea maji ya mvua kabla hayajafika kijitoni, na safu ya maduka ya upande wa chini, kule kwenye kijito, iondolewe. Mawili ya kwanza yalifanyika. Lile bwawa la nyasi mnaloliona pale, watoto wanacheza mpira kiangazi, lina mkono wangu, hata kama jiwe la msingi lina majina mengine.

La tatu liliondolewa kimyakimya baadaye, kwenye kitu walichokiita marekebisho madogo ya mchoro. Mimi sikuwepo tena. Wakati wa kura za maoni za chama jina langu halikurudi, na sababu niliyoisikia ikizunguka ni kwamba nawakatisha tamaa wawekezaji. Mvua kubwa ilipokuja, maji yaliingia kwenye safu ile ile ya maduka, viroba vya unga na mabegi ya shule yakaelea. Simu yangu ikaita usiku, "mama ulisema." Nilisema ndiyo. Kusema kwangu hakukumrudishia mtu unga wake. Wengi wa wapangaji wale ni wanawake waliokopa kwenye vikundi, na kikundi hakijui habari za mafuriko.

Kwa hiyo diwani mwanangu, na ninyi wengine, sikilizeni.

Nenda kwenye eneo siku mvua inanyesha. Usisubiri ziara ya kamati, ziara ya kamati huwa kiangazi na ina chakula cha mchana. Vaa gambuti, simama sehemu ya chini kabisa, angalia maji yanakotoka na yanakokwenda. Muulize mama lishe wa pale maji yalifika wapi msimu uliopita, atakuonesha alama ukutani. Alama ile ina ukweli kuliko kurasa nyingi za mshauri elekezi.

Dai jedwali moja. Kwenye kabrasha letu mapato yalikuwa na jedwali la miaka kumi, mwaka kwa mwaka, mpaka senti. Mazingira yalikuwa na maneno. Ukiyaacha yabaki maneno, mizani imeshalala upande mmoja kabla hujaanza kupima. Kuzibua mitaro kila mwaka ni fedha. Kuzoa taka za majengo thelathini ni fedha, na dampo lina mwisho. Kunyonya majitaka mahali pasipo na bomba ni fedha, kila wiki. Ziandikwe kwenye jedwali lile lile, karibu na ushuru, halafu ndipo mseme mpango unalipa au haulipi. Huenda unalipa. Wetu ulilipa, ila faida ilikuwa ndogo kuliko tulivyoimbiwa, na kujua hivyo ndiko kulikotupa nguvu ya kumdai mwekezaji achimbe bwawa kwa fedha yake.

Miti msiisahau. Pale stendi kulikuwa na mikungu mikubwa, madereva wote wanalala chini yake saa nane mchana. Kwenye mchoro ilifutwa na ikaletwa miti ya mapambo iliyochorwa na kompyuta. Mti wa kivuli uliopo leo hauwezi kulipwa na mche, anayekaa juani ni machinga, na machinga hayumo kwenye picha zile za rangi. Hapo nilishindwa, mikungu ilikatwa. Nikipita bado roho inaniuma.

Na msiogope kuonekana wajuaji. Mungu hakukupa kiti kile upashe moto mbao. Watu wanakupigia kura, wanakusindikiza kwa ngoma, halafu unaenda kunyoosha mkono kwa kitu ambacho hujakisoma kwa sababu mwenyekiti ana haraka ya ndege? Soma. Usipoelewa uliza, wenzako wakicheka wacheke, uliza tena. Uliza maji. Ukimaliza maji, uliza majitaka. Ukimaliza majitaka, uliza taka.

La mwisho ni la kikarani. Masharti yako yote yaingie kwenye muhtasari kwa maneno yako, yenye mita na majina ya wahusika, na uongeze moja la kufunga mlango: mabadiliko yoyote ya mchoro, hata yakiitwa madogo, yarudi kwenye kamati. Muhtasari ukisomwa kikao kinachofuata, usiuthibitishe mpaka uone sharti hilo limo. Omba nakala yenye mhuri ukae nayo nyumbani. Habari ya wapangaji wa zamani wa stendi na fidia yao sijaigusa, ina makala yake, na wenye ushahidi wao niandikieni kabla sijaanza kuiandika.