Alama Isiyotembea: Maneno kwa Vijana Wanaoanza Uvuvi

Wiki iliyopita, katika mwalo mmoja wa Ilemela, huku kwetu Mwanza kwenye Ziwa Victoria, ambao sitautaja kwa sababu wahusika wana mama zao, vijana watatu walirudi asubuhi wakiwa na mtumbwi mtupu na nyuso za watu waliofiwa. Jioni ya jana yake walikuwa wametega pisi 30, yaani vipande 30 vya nyavu za sangara, na kulipokucha hawakuziona tena. Nilipomuuliza aliyekuwa nahodha walishika alama gani ya kuwarudisha pale walipotega, alinijibu bila aibu yoyote kwamba walitega mkabala na shamba kubwa la magugu maji. Magugu maji, ambayo upepo wa mchana huyasukuma hadi yakaziba mwalo mzima, na kesho yake ukiamka huyaoni! Nilikaa juu ya jiwe nikacheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikaacha kucheka ghafla, kwa sababu nilikumbuka duka langu.

Habari ya duka nitaisimulia mahali pake. Kwa kuwa kila msimu nawaona vijana wapya wakishuka mwaloni na mabegi yao na kurudia makosa yale yale tuliyoyafanya sisi, kana kwamba tuliwaandikia wosia wayarithi, nimeona niyapange hapa kwa namba. Sisemi kwamba mimi ni mvuvi bora. Ninachosema ni kwamba nimekosea kwa muda mrefu kuliko ninyi.

1. Jifunze saa za upepo kabla ya kujifunza kutega. Wengi wenu mmetoka nchi kavu, ambako mvua ni jambo la alasiri, na hivyo mkiona jioni imetulia mnadhani usiku umeshasalimika. Ziwa halifuati ratiba hiyo. Mchana nchi hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo upepo hutoka ziwani kuja ufukweni. Usiku nchi hupoa, upepo hugeuka, nao hutiririka kutoka pande zote kuelekea katikati, na pale unapokutana juu ya maji ambayo bado yana joto, mawingu ya radi hujengeka kwa haraka ya kutisha. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, saa ambazo wewe umejifunika turubai na kukoroma. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kila siku, na usimsikilize tajiri, yaani mwenye chombo, kuhusu jambo hili, kwa sababu tajiri hulitazama ziwa akiwa amekaa kwenye kiti. Jaketi okozi huvaliwa mwilini. Ninyi mmelifanya mto wa kulalia.

2. Petroli ichujwe kwa kitambaa, plagi ya akiba iwemo, pini ya pangaboi ya akiba iwemo, na makasia mawili yawemo hata kama injini ilinunuliwa jana. Sina la kuongeza. Aliyewahi kupiga kasia moja kutoka karibu na kisiwa cha Kome huku upepo ukimpiga usoni anajua, na ambaye hajawahi hatanisadiki.

3. Wakati wa kutega, miguu yako isiwe ndani ya mzunguko wa kamba, na kamba ya nanga isizungushwe mkononi hata mara moja. Nina kidole kimoja kisichokunjika ambacho kinaweza kukueleza sababu.

4. Shikeni alama. Sasa ndipo tunapofika dukani.

Ilikuwa mwaka 2004, nami nilikuwa na miaka 22. Mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sote tulimwita Babu ingawa pale mwaloni hakuwa babu wa mtu, alishikwa na malaria, na tajiri akasema kwamba chombo chake hakiwezi kulala kwa sababu ya homa ya mtu mmoja. Nikapewa unahodha wa siku moja. Nilikuwa na wenzangu wawili, mmoja wao akiwa mkubwa kwangu kwa umri na kwa akili, jambo lililonifanya nimnyamazishe kila alipofungua kinywa.

Tulitoka Kayenze saa tisa alasiri na pisi 40. Babu alikuwa na mahali pake upande wa pili wa kisiwa cha Bezi, mahali alipotega kila siku kwa alama ambazo hata mimi nilizijua kwa kichwa, lakini nahodha mpya hawezi kutega mahali pa mtu mwingine, asije akaonekana kwamba hana maarifa yake. Nikaamuru twende mbele. Tulipofika, nikaamuru twende mbele zaidi. Kufikia saa tunamwaga pisi ya mwisho, jua lilikuwa limezama, na vilima vyote nilivyovijua, na mawe yote, na ile miti miwili ya Babu, vilikuwa vimemezwa na giza. Yule mwenzangu mkubwa akaniuliza kwa heshima iliyozidi kiasi, "Nahodha, tumeshika alama gani?"

Nikageuka huku na huku kwa madaha ya mtu anayechagua. Upande wa Ukerewe niliona taa moja nyeupe, kubwa, peke yake, imetulia kama nyota. "Ile taa," nikasema. Akaniuliza ni taa ya nini. Nami, bila kujua neno lile limetoka wapi, nikamjibu, "Ya duka."

Aliitazama ile taa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sawa, nahodha," na mpaka leo nasikia jinsi alivyolitamka hilo neno "sawa".

Upepo ulianza kuchafuka, tukakimbilia nyuma ya Bezi kujikinga, na usiku wa manane mvua ilitupiga kama tumeiibia. Saa kumi alfajiri, mvua ilipokatika, tuling'oa nanga na kuelekea dukani. Taa yangu ilikuwapo. Tatizo ni kwamba zilikuwapo na nyingine. Tulikuwa katika giza la mwezi, na ninyi mnajua ziwa linavyokuwa wakati wa giza. Wale wa dagaa, ambao huvua kwa taa, walikuwa wamerudi kazini baada ya mvua, na mbele yetu kulikuwa na mji mzima wa maduka. Nilichagua lile lililoonekana kubwa kuliko mengine, tukalifuata karibu saa nzima, na kadiri tulivyolikaribia ndivyo lilivyozidi kujisogeza upande, mpaka tukafika karibu kiasi cha kuona karabai juu ya chelezo chake na watu wanne wakivuta wavu wa dagaa. Taa niliyoishika alama jioni ilikuwa karabai ya kwanza kuwashwa usiku ule. Pengine ilikuwa hiyo hiyo, pengine ilikuwa nyingine. Kwa kesi yangu haikuwa na tofauti.

Mmoja wao akatuuliza tunatafuta nini. Nikasema nyavu. Akauliza tulizitega wapi, nikasema hapa. "Hapa wapi, mdogo wangu?" Sikuwa na jibu, na hakuwa ameuliza kwa ubaya.

Tulitafuta siku tatu, tukichoma petroli ya mkopo. Boya letu lilikuwa dumu la lita tano lililopauka, lisilo na bendera, na katika mawimbi madogo tu dumu kama hilo hulioni mpaka uligonge. Shuleni nilikariri kwamba ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na nikapata vema yangu. Siku ya pili ya kutafuta, nikiwa nimesimama kwenye ukingo wa mtumbwi na macho yakiuma kwa mng'ao wa maji, ndipo nilipoielewa ile namba.

Tajiri hakunifokea, na ningependa angefoka. Aliniuliza mbele ya watu, "Alama?" Nikasema, "Taa." Akaniuliza, "Ya nani?" Kabla sijajibu, yule mwenzangu wa pili, ambaye safari nzima hakuwa amesema neno, akajibu kwa niaba yangu, "Ya duka." Kuanzia siku hiyo mwalo mzima uliniita Mwenye Duka. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliniagiza sukari na viberiti kila nilipopita, na watoto waliniuliza kama nimefungua. Nusu ya mgawo wangu ilikatwa kwa miezi tisa. Babu, alipopona, aliniambia jambo moja tu, kwamba malaria yake ilikuwa imemgharimu kidogo kuliko yangu.

Lakini si deni wala jina linaloniuma. Miezi miwili baadaye, watu wa dagaa walikuja mwaloni wakiwa na kipande cha wavu kilichojisokota katika wavu wao na kuurarua, wakimtafuta mwenyewe ili awalipe. Nilikitambua kwa mafundo yangu. Ndani yake mlikuwa na sangara waliooza na mifupa ya wengine waliotangulia, tabaka juu ya tabaka, kwa sababu nailoni haiozi na wavu uliopotea haujui kwamba umepotea; unaendelea kuvua usiku na mchana kwa ajili ya tajiri ambaye hayupo. Kile kilikuwa kipande cha pisi kama mbili. Nyingine 38 sijui ziliua samaki wangapi kabla hazijajikunja na kulala chini. Niliwalipa wale watu.

Alama hushikwa hivi: tafuta vitu viwili visivyotembea vilivyo upande mmoja, kimoja mbele na kimoja nyuma yake, kwa mfano jiwe la ufukweni na mnara ulio kilimani, usogee mpaka viwe mstari mmoja, kisha tafuta viwili vingine upande tofauti kabisa, navyo viwe mstari mmoja. Mistari miwili hukutana mahali pamoja tu, na hapo ndipo ulipo. Alama moja peke yake si alama, kwa kuwa inakuambia upande tu bila kukuambia umbali, hata ikiwa ni kilima kizima. Mwanza tumepewa mawe mengi kuliko tunavyoyahitaji, na mtu anayetega mbele ya mawe yale akashika magugu maji anastahili kuitwa jina lolote. Tega mapema ili alama uzione kwa mwanga wa jua, na umwambie kila aliye chomboni, kwa sababu anayeweza kuugua ni wewe.

Mtaniambia kwamba siku hizi simu inaonyesha mahali ulipo. Ni kweli, na mimi mwenyewe naitumia. Lakini wale vijana watatu walikuwa na simu tatu, mbili zilizimika kwa kuangalia mpira na ya tatu ililowa, kwa hiyo nawaomba mshike mawe kwanza, halafu simu iwe shahidi.

5. Kuhusu zana, msiniulize kwa kunong'ona. Kokoro, ule wavu wa kukokotwa hadi ufukweni, ni haramu, wavu wa timba ni haramu, sumu ni haramu na ni uchawi. Sangara asiyefika sentimita 50 na sato asiyefika 25 hawaruhusiwi, kwa sababu ya wazi kwamba hawajapata nafasi ya kuzaa vya kutosha. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, na sisi ambao hatukuwahi kuigusa sumu tulirudi nyumbani na samaki ambao viwanda havikuwataka. Leseni ya chombo na ya mvuvi ziwe zimekatwa, na viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, uwafahamu kwa majina kabla hawajalifahamu lako.

6. Mgawo uandikwe. Petroli, chakula, barafu na matengenezo vinavyokatwa kabla ya kugawana viandikwe siku hiyo hiyo katika daftari ambalo nawe unaweza kulisoma, kwa maana kumbukumbu ya tajiri na kumbukumbu ya baharia hazijawahi kukubaliana tangu mtumbwi wa kwanza uchongwe. Kitoweo cha nyumbani ni haki yako, lakini usichague samaki mkubwa kuliko wote mbele ya macho ya mwenye chombo.

7. Barafu iwe ya kutosha tangu unapotoka. Sangara aliyelala juani chini ya majani ya mgomba huitwa freshi na mvuvi peke yake.

8. Boya. Nilidhani nimelimaliza katika namba ya nne, lakini jana niliwapeleka wale vijana kutafuta nyavu zao, nikaona boya walilotumia kwenye zile chache tulizozipata. Tulipata pisi 11 kati ya 30, zikiwa zimejifunga kwenye magugu yale yale waliyoyashika alama, ambayo yalikuwa yamesafiri nazo hadi upande mwingine kabisa, kwa hiyo naungama kwamba alama yao iliwasaidia kuliko yangu ilivyonisaidia mimi. Boya lenyewe lilikuwa dumu la lita tano lililopauka. Dumu liwe la lita 20, lipakwe rangi, na lifungwe mti mrefu wenye uzito chini ili usimame wima hata katika mawimbi, na bendera juu yake. Bendera isiwe nyeupe. Ukiwa mbali, nyeupe hufanana na povu la wimbi na ndege aliyetua juu ya maji, na nahodha aliyekesha usiku kucha atamfuata yangeyange mpaka Ukerewe.