Lumbesa na kwaya

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Nanunua viazi kwa wakulima wa Isyonje, napeleka Dar es Salaam. Gunia lisipokuwa lumbesa, yaani lililojazwa kupita mdomo wake, mteja wa mjini halitaki. Jumapili naimba kwaya na wakulima haohao. Nifanyeje? – Mama wa Uyole, Mbeya

JIBU: Amina, mama. Tuanze na sheria: gunia la viazi halitakiwi kuzidi kilo 100, kwa hiyo lumbesa ni kosa hata kwa asiyesali. Mambo ya Walawi 19:36 inadai mizani ya haki, na ni sura hiyohiyo inayoamuru kumpenda jirani. Jirani yako ndiye yule anayeshindilia viazi hadi juu ya mdomo wa gunia, anashona kichwa kwa kamba, huku akijua cha juu hakilipwi.

Pima kwa kilo, lipa kwa kilo, na mjini uza kwa kilo. Wateja wengine watakukimbia, sikufichi. Usingoje madalali wote waokoke kwanza (utangoja sana!). Kwaya usiache. Ila waliokujazia msimu huu unawajua kwa majina. Baada ya mazoezi, kaeni mpige hesabu.