Kungumanga haikauki kwa siku mbili

Hapana kaka, unasema kungumanga, kile kiungo cha kokwa, huanikwa juani siku mbili ikawa tayari; siku mbili za jua kali haziikaushi, zinaiharibu. Tunda likishapasuka mtini, mkulima huibandua kwanza basibasi, ule utando mwekundu uliokumbatia ganda, akaianika peke yake mpaka igeuke manjano ya kahawia. Basibasi huuzwa peke yake, na kilo kwa kilo kwa kawaida bei yake iko juu kuliko kungumanga yenyewe.

Kokwa, yaani kungumanga yenyewe, hukaushwa ikiwa ndani ya ganda lake, polepole, wiki 6 hadi 8, ikigeuzwa kila siku. Ukiitikisa ikalia ndani, ndipo ganda huvunjwa. Sababu ni mafuta: joto likizidi nyuzi 45 hivi yanayeyuka, na harufu ndiyo hiyo imekwenda. Nauza viungo hapa sokoni Marikiti, na ile iliyoharakishwa naijua kwa kuikata tu. Iliyokaushwa vizuri huwa na mishipa ya kahawia iliyokoza na kisu hutoka na mafuta.

Msimu wa mvua muda huongezeka. Na yenye ukungu itupe, usiikwangue ukatumia, maana sumu huwa imeshaingia ndani.