Posta iyaachie mabasi barabara kuu

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo shirika la posta la taifa linaweza kugeuka kuwa kampuni ya kusafirisha mizigo na bado likabaki kuwa posta. Naamini linaweza, ila si kwa kushindana na mabasi kwenye barabara kuu.

Mimi nauza vitenge na nguo za watoto hapa Mafinga, na mzigo wangu hutoka Kariakoo kwa basi. Hufungwa kwenye kiroba, huandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, na kwa kawaida ukipakiwa alfajiri naupokea stendi jioni ya siku hiyo hiyo. Sioni lori la posta litakaloishinda kasi hiyo. Taabu huanza mteja anapokuwa Ludewa au Makete, kwa sababu kifurushi hupita kwa makondakta wawili watatu, na kikipotea hakuna karatasi inayoonyesha nani alikuwa nacho mwisho. Kusajili kifurushi, kutoa stakabadhi na kumtaka mpokeaji atie sahihi ni kazi ambayo posta imeifanya miaka yote, na hapo ndipo penye biashara yake.

Wanaolilaumu Shirika la Posta Tanzania kwa kuchelewa kubadilika wakumbuke lilivyozaliwa. Lilianza kazi mwaka 1994, baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa. Simu zikaenda TTCL, kampuni ya simu ya taifa, na Benki ya Posta ilikuwa imekwisha kuundwa kwa sheria yake ya mwaka 1991. Likabaki na barua, ambazo simu za mkononi zilizipunguza upesi, na M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 mani oda, yaani fedha zilizotumwa kupitia posta, nayo ikakosa wateja.

Wengi hutaja Ujerumani, ambako posta ya huko, Deutsche Post, iliimiliki kampuni ya vifurushi ya DHL yote mwaka 2002, na mwaka 2023 kundi zima likachukua jina la DHL. Mfano huo ni wa kweli, lakini haujakamilika bila wa Japani. Japan Post iliinunua kampuni ya uchukuzi ya Toll ya Australia mwaka 2015 kwa dola za huko bilioni 6.5, na miaka miwili baadaye ikalazimika kuipunguza thamani ya Toll kwa yeni bilioni 400 hivi katika vitabu vyake, kama hasara. Kununua malori ndiyo sehemu rahisi.

Kwetu barua ilifika kwenye sanduku la posta, si mlangoni, na sanduku moja liliweza kutumiwa na shule nzima. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba, jambo ambalo posta ingeweza kulitumia kwa kuingia mkataba na bodaboda wa kila wilaya, huku basi likilipwa kuleta mfuko uliofungwa kwa lakiri hadi Njombe au Makambako.

Gharama ya kufika kijiji cha mbali huko Ileje haitarudishwa na nauli ya kifurushi kimoja. Tayari Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hutoa ruzuku ili minara ya simu ijengwe vijijini ambako kampuni zisingeenda zenyewe, nami sioni kwa nini ruzuku ya namna hiyo isilipwe kwa kila kifurushi kinachofikishwa huko, iwe kimepelekwa na Posta au na msafirishaji mwingine mwenye leseni ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano.