Mzee akidhaniwa ana maji kichwani, kumbukumbu nayo ipimwe mapema

Mzee anaburuta miguu, anajikojolea, anasahau. CT scan inaonyesha vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka, na familia inaambiwa: hii ndiyo demensia (kuporomoka kwa akili na kumbukumbu) inayotibika. Mara moja watu wanaanza kuchangishana fedha za upasuaji. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayajakamilika. Wengi wenye tatizo hili wana pia Alzheimer, ugonjwa unaoharibu ubongo na kumbukumbu polepole, au ubongo ulioumizwa na presha ya damu na kisukari, na mrija wa kutolea maji kichwani, unaowekwa kwa upasuaji huo, hautibu hayo. Kwa hiyo daktari aulizwe mambo mawili tangu siku ya kwanza: maji yakipunguzwa mzee atatembea? Na kumbukumbu yake inaelekea wapi?

Hali hii, ambayo hospitalini huandikwa NPH (normal pressure hydrocephalus), ilielezwa mwaka 1965 na Salomón Hakim wa Colombia na Raymond Adams wa Boston. Mwili hutengeneza takribani nusu lita ya maji ya ubongo kwa siku, ingawa yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Mengine hunyonywa kurudi kwenye damu. Mzunguko huo ukiharibika, vyumba hutanuka. Mtoto mchanga kichwa chake hukua, lakini fuvu la mtu mzima limeshakomaa, halionyeshi kitu.

Anzeni na miguu. Katika NPH kutembea huharibika kwanza, au pamoja na kumbukumbu. Hatua ni fupi, miguu imeachana, nyayo kama zimenata sakafuni, na kugeuka nyuma kunamchukua hatua nyingi ndogondogo. Mikono bado inapunga, tofauti na mwenye Parkinson. Kama kusahau kulitangulia kwa miaka na miguu ikafuata baadaye, uwezekano wa Alzheimer unapanda na tumaini la upasuaji kusaidia linashuka. Mwambieni daktari kipi kilianza, na lini. Hakuna mashine itakayowajibia hilo.

Kwenye picha, upana wa pembe za mbele za vyumba hugawanywa kwa upana wa ndani wa fuvu; jibu likizidi 0.3, vyumba vimepanuka. Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu ubongo unaosinyaa kwa Alzheimer nao huacha nafasi ambayo maji huijaza. Ulizeni mifereji iliyo kati ya mikunjo ya ubongo, juu utosini, ikoje. Ikiwa imebanana huku vyumba ni vikubwa, ni dalili ya NPH. Ikiwa imepanuka kila mahali, ubongo umesinyaa.

Kinachofuata ni kutoa kwa sindano mililita 30 hadi 50 za maji mgongoni, kuona kama mzee atatembea vizuri zaidi. Watu wengi huogopa kwamba sindano hiyo inapoozesha. Inaingizwa chini ya pale mshipa mkuu wa fahamu wa mgongo unapoishia, ndiyo maana hatari hiyo ni ndogo sana. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, yaani warfarin, clopidogrel au aspirini, semeni mapema, wala msimwachishe wenyewe.

Kipimo hiki huharibika pale watu wanapokitathmini kwa macho tu: “naona kama ana nafuu.” Pimeni mita 10 barazani, chora mstari kwa chaki mwanzo na mwisho. Avae viatu vilevile, atembee mara tatu, mwandike sekunde na idadi ya hatua, kisha asimame na kugeuka huku mnamrekodi kwa simu. Rudieni saa mbili hadi nne baada ya maji kutolewa, na tena kesho yake. Asipobadilika, bado NPH haijafutwa: wapo wanaopata nafuu maji yakitolewa taratibu kwa mrija wa mgongoni kwa siku kama tatu, wakiwa wamelazwa.

Kumbukumbu ipimwe kabla ya sindano. Mpe maneno matatu, muulize baada ya dakika tano. Mwenye NPH huwa mzito wa kufikiri na kupanga, lakini ukimdokeza (“lilikuwa tunda”) mara nyingi hukumbuka. Mwenye Alzheimer dokezo halimsaidii sana. Si kipimo cha kukata shauri, ila kiandikwe. Hakikisheni pia damu imepimwa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende na VVU, na angalieni dawa: oksibutinini, inayotolewa kwa ajili ya mkojo, inaweza yenyewe kumvuruga mzee akili.

Mrija ukiwekwa, kutembea ndiko hunufaika zaidi. Utafiti wa PENS, uliochapishwa mwaka 2025, uliwawekea wagonjwa wote mrija, lakini kwa baadhi vali, yaani kifaa kinachodhibiti maji yanayopita mrijani, ikaachwa karibu imefungwa. Baada ya miezi mitatu waliofunguliwa walitembea kwa kasi zaidi na kuanguka mara chache zaidi, lakini alama za akili hazikutofautiana vya kutosha. Huko Kuopio, Finland, wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka, karibu nusu walipata demensia. Hata hivyo mzee anayekwenda chooni mwenyewe amepata kitu kikubwa, na sisi hatuoni sababu ya kumnyima kwa kuwa anasahau.

Akili ikidorora baada ya upasuaji, msikimbilie kusema ni Alzheimer. Mrija huziba. Mrija ukitoa maji kupita kiasi, damu huvujia kati ya ubongo na fuvu; maumivu ya kichwa yanayokuja akisimama na kutulia akilala ni onyo. Apigwe CT scan kwanza. Homa, au wekundu kwenye njia ya mrija, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Na kabla ya kulipia, ulizeni kama vali ni ya kiwango kimoja au inarekebishwa kwa sumaku kutoka nje. Ikiwa ni ya sumaku, jina lake na namba iliyowekwa viandikwe kwenye kadi anayotembea nayo, kwa sababu baadhi ya vali hizo huhama kiwango ndani ya MRI na lazima zikaguliwe kabla mzee hajarudi nyumbani.