Redio ya mkononi haifiki Tabora
Kaka wa Ujiji, umeuliza kama hiyo redio yako ya mkononi itafika Tabora, haifiki bana, hiyo ni VHF, yani masafa ya juu sana, inaenda kama jicho linavyoona, kilima kimoja tu habari imeisha. Tafuta redio ya HF, masafa ya chini yake yanayofika mbali, yenye bendi ya mita 40, yani karibu megahezi 7, na antena usinunue, piga dipoli ya waya, yani nyaya mbili sawa zinazoungwa na redio katikati: urefu wote ni 142.5 gawanya kwa megahezi za masafa yako, kwa 7.1 inakuja kama mita 20, yani kila upande mita 10, ila acha sentimita 20 za ziada maana kukata rahisi kuunga ndo kazi. Mi yangu iko kati ya mchikichi na mwembe, nchani nimeweka vipande vya bomba la plastiki na mshipi wa kuvulia, iko mita 5 tu toka chini na kwa Tabora mchana ndo poa, mawimbi yanapanda juu yanarudi. Radi za huku ziwani zikianza chomoa waya utupe nje, usibishane nazo. Leseni ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, omba kabla hujabonyeza kitufe cha kuongea, jina lako la hewani litaanza na 5H.