Barua kwa mwanangu: misiba isiyo na matanga

Mwanangu,

Asalam aleikum. Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeipata, na nimeisikiliza mpaka nimeihifadhi. Umeniuliza: "Mama, mwaka huu umetupiga kila upande, na wewe sijakuona ukianguka hata siku moja. Unawezaje?" Nilitaka nikujibu kwa simu, lakini baba'ko siku hizi yuko sebuleni mchana kutwa, na baadhi ya ninayotaka kukwambia yanamhusu yeye. Kwa hiyo nimechukua daftari la mdogo wako naandika. Yeye atazipiga picha kurasa akutumie. Nimemwapisha asisome. Atasoma tu.

Umeniona wapi, mwanangu, hata ukasema sikuanguka? Uliniona kwenye matanga ya bibi'ko. Uliingia jioni umechoka na basi, ukanikuta nimekaa kwenye mkeka, mkanda wa kanga umefungwa, napokea watu. Basi yale matanga yamewekwa makusudi ili aliyefiwa asianguke, na waliotangulia waliyatengeneza wakijua wanafanya nini. Bibi'ko alikata roho alfajiri, siku chache kabla ya Ramadhani. Nilipofungua mlango wa mbele, jirani alikuwa keshajifunga kibwebwe. Vijana wakaenda kuchukua turubai na viti. Jeneza likatoka msikitini. Wanawake wa kuosha walikuja bila kuitwa na mimi, sanda ikanunuliwa na mtu ambaye mpaka leo hajaniambia bei yake. Adhuhuri tumeswalia, alasiri haijaingia keshazikwa. Uani masufuria makubwa yako juu ya mafiga, mmoja anachambua mchele, mmoja anakata vitunguu huku akiwagombeza wote. Simu yangu ilikuwa mkononi mwa shangazi yako, yeye ndiye aliyekuwa anajibu. Mimi sikuamua jambo hata moja siku ile. Hata kulia nililizwa: akiingia mgeni mpya anaanza yeye mlangoni, mimi namfuata. Usiku wanawake wamelala sebuleni wamenizunguka, na kati yao wapo ambao hatusemeshani siku za kawaida.

Siku ya tatu hitma, mikeka ikakunjwa, watu wakarudi makwao.

Halafu shangazi yako naye akafiwa na mumewe mwezi wa sita. Mjane amewekewa hesabu yake na Mwenyezi Mungu mwenyewe, miezi minne na siku kumi. Sisi wengine tumepewa siku tatu. Muda wote wa eda kila mtu mtaani alijua shangazi yako avae nini, asitoke wapi, nani ampelekee mboga Jumatatu na nani Alhamisi. Alipotoka eda tulikwenda kumtoa, akaoga, akavaa, akapakwa udi. Kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Ndiyo maana nitakwambia neno utakaloliona geni: katika yote ya mwaka huu, vifo vile viwili ndivyo nilivyovibeba kwa wepesi. Usije ukadhani bibi'ko haniumi. Ananiuma jikoni. Mbuzi yake ya kukunia nazi iko nyuma ya mlango, jino limelika upande mmoja kwa sababu alikuwa akikuna ameegemea kushoto, yule mguu mbovu ameunyoosha mbele. Nikikaa mimi, nazi inatoka vipande vipande, na tui linakuwa jepesi hata mdogo wako analijua. Sasa nanunua nazi iliyokunwa kwa mashine pale sokoni Mgandini, na wali unakuwa na ladha ya mtu mwingine. Hilo linauma kila siku saa tano. Lakini nikilisema, kila mtu ananielewa. Hakuna atakayeniuliza mbona nalia kwa ajili ya mbuzi ya nazi.

Kilichotaka kunimaliza ni yale mengine.

Baba'ko alipewa barua mwezi wa nane. Kiwanda kimepunguza watu, na yeye yumo. Hakutuambia. Akaendelea kuamka saa kumi na moja, anaswali, anakunywa chai, anapanda baiskeli, anaondoka na kikapu chake cha chakula, jioni anarudi. Nilichokigundua mimi ni shati. Miaka yote nimefua shati lenye harufu ya grisi ambayo hata kwa sabuni ya mche haitoki yote. Likaanza kurudi safi. Lina jasho, halina grisi. Nikakaa kimya. Kisha muuza samaki mmoja akaniambia, bila ubaya, kwamba humwona bwana yangu bustani ya Jamhuri, amekaa benchi lile lile anatazama meli bandarini.

Sasa fikiri. Angekuwa amefiwa, benchi lile lingejaa watu. Amepoteza kitu alichokifanya miaka kumi na tisa, kilichokuwa kikimwamsha, kikimpa salamu ya heshima njiani, na hakuna aliyemletea hata kikombe cha chai. Hakuna turubai la mtu aliyepunguzwa kazini. Mwenyewe anaona aibu, wenzake wanaona aibu kumtazama, na nyumba nzima inajifanya haijui.

Usiku mmoja nikamwambia, "Kesho usitoke." Hakuuliza kwa nini. Asubuhi nilitandika jamvi sebuleni, lile la bibi'ko, nikapika wali na samaki wa kupaka, nikamtuma mdogo wako akawaite ami zako na wale wenziwe wawili wa kiwandani. Walipofika nikasema mlangoni, kwa sauti: "Kazi ya bwana yangu imekufa. Nimewaita mkae naye." Wakacheka. Mmoja hakucheka. Yule kumbe na yeye alikuwa na barua kama ile, mkewe hajaambiwa.

Walikaa mpaka isha. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu watu hudhani kukaa na mtu ni kupoteza muda tu. Ile barua ilitolewa chini ya godoro, ikasomwa kwa mara ya kwanza na mtu mwenye akili iliyotulia. Ami yako mdogo, unamjua alivyo, akaileta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kwenye simu. Ikaonekana notisi haikulipwa, na mwenye mshahara wa mwezi anatakiwa apewe notisi ya siku 28 au alipwe fedha yake. Ikaonekana pia kwamba mwenye kulalamikia kuachishwa kazi anatakiwa afike kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zilikuwa zimebaki chache. Kama baba'ko angeendelea kutazama meli, zingekwisha hapo hapo benchini. Walikwenda wawili, yeye na yule asiyecheka, wakajaza fomu, wakaitwa kwenye usuluhishi, na notisi ikalipwa. Kiinua mgongo ni siku saba za mshahara kwa kila mwaka, na sheria inahesabu miaka kumi tu. Miaka tisa ya baba'ko haimo. Hilo lilimwuma kuliko barua yenyewe, na sikuwa na la kumwambia, nikamwacha liume.

Nilipoona jamvi limefanya kazi nikapata kiherehere. Nikaenda kwenye chama chetu cha kufa na kuzikana, nikasimama, nikasema ubani tunaotoa kwa mwenye kufiwa tuutoe hata nusu kwa nyumba iliyopoteza kazi. Ukumbi ukachafuka. Katibu akasema tukianza hivyo mfuko utakauka kabla ya mfungo sita, mwezi wa Maulidi, maana kila nyumba ina mtu wa namna hiyo. Kwenye hesabu hakukosea. Ila alipomalizia kwamba "hilo si msiba" niliondoka na kanga yangu, na bado sijamwamkia vizuri. Wawili walinifuata jioni na kilo mbili za sukari, wakakaa wakapiga soga, hawakutaja kazi wala kiwanda. Nimewaandika moyoni.

Ya mdogo wako na ile pikipiki ya mkataba unayajua, siyarudii. Na rafiki yangu wa ukuta mmoja, nyumba yao imeuzwa warithi wagawane, amehamia Mbagala. Chumvi, kiberiti, watoto, siri, vyote vilikuwa vinapita juu ya ule ukuta. Huyo namlilia mpaka leo na sikumwambia mtu, kwani ungemwambia nani? Hajafa, yuko Mbagala.

Sasa tuje kwako.

Mimba yako ilitoka ikiwa na miezi mitatu. Nilipanda basi nikaja Dodoma, nikakukuta Jumapili jioni unapiga pasi nguo za kazini. Ijumaa umetoka hospitali, Jumatatu unakwenda ofisini. Ulipiga pasi ile sketi ya bluu mpaka nikahofia itaungua, unarudia pale pale, mshono umeshanyooka zamani. Sikukunyang'anya. Nilichukua zilizobaki nikawa nakunja. Usiku nikasikia mama mkwe wako akikwambia kwenye simu kwamba nyie bado vijana, Mungu atawapa mwingine. Jirani naye kesho yake akasema vile vile. Wewe ukaitikia "inshallah" kwa sauti ile unayotumia kuzungumzia na wateja.

Usiwachukie, hawana ubaya. Hawakuwa na pa kuweka mikono yao. Mimba haikufika miezi minne, kwa hiyo hapakuwa na kuosha, hapakuwa na sanda, hapakuwa na kaburi ambalo wanaume wangekwenda kulichimba na wanawake wakabaki uani na masufuria. Mtu wa kwetu akikosa sufuria ya kukoroga msibani huanza kusema, na akisema husema hilo hilo la mwingine. Huyo mwingine simkatai, akija nitampokea kwa vigelegele. Lakini hatakuwa huyu. Huyu alikuwa na jina, mwanangu, najua alikuwa nalo, nililiona umeliandika kwa penseli nyuma ya kadi ya kliniki na sikusema.

Nilipoisikiliza sauti yako juzi nikasikia swali la pili chini ya lile la kwanza. Unauliza mimi nawezaje, na ndani yake unauliza mbona wewe umeshindwa. Unaniambia unalia chooni kazini. Unaniambia miezi imepita na ungekuwa umeshazoea. Utazoea kwa lipi? Matanga yako hayajaanuliwa kwa sababu hayakuwekwa.

Kwa hiyo nataka uje. Omba ruhusa Ijumaa na Jumatatu, wakikuuliza sema una msiba nyumbani, hujasema uongo. Usinifanyie ule mtindo wa Tanga wa waja leo waondoka leo. Nitatandika sebuleni na tutalala chini sote: mimi, shangazi yako, na wale wawili wa sukari, nimeshawaambia na wamekubali. Shangazi atapika, anasema miezi minne amekula vya watu, sasa ni zamu yake. Utakaa. Ukitaka kulia utalia, ukitaka kulala utalala, na ukicheka katikati, maana shangazi yako akianza hadithi zake za Pangani hakuna asiyecheka, usijione mwenye dhambi. Kwenye matanga ya bibi'ko nani hakucheka? Jina lile, ukipenda kulitaja, litaje. Usipopenda basi. Jumatatu asubuhi tutasoma dua, tutakunja mkeka, tutakwenda kuoga baharini Raskazone kama ulivyokuwa mdogo, wewe na mimi. Sikuahidi kwamba baada ya hapo hakitauma. Mbuzi ya nazi iko nyuma ya mlango wangu mpaka leo.

Njoo na mkwe wangu. Naye ni mfiwa, na kila nikiwasikiliza watu naona wanamwuliza hali yako wewe tu, yeye anajibu kama mpiga ripoti. Baba'ko amesema atakaa naye barazani na yule mwenziwe asiyecheka. Wale hawatazungumza lolote la maana, watacheza bao na kulalamikia Coastal Union, ila nimeona kwa macho yangu kinachotoka kwenye jamvi la namna hiyo.

Nauli nimeituma kwenye simu yako asubuhi hii, imetoka kwenye ile notisi, na baba'ko ndiye aliyesema itoke huko, usiirudishe. Ukifika Muheza nipigie. Atawapokea stendi ya Kange. Zabibu leta, anazipenda, ila za kutosha, maana hapa kutakuwa na watu.

Mama'ko,
Ngamiani, Tanga